Macho ya Kukodi: Mtoto wa Mitaani kama Msaidizi wa Shujaa

Utangulizi

Katika uchambuzi wa ngano uliotolewa na Vladimir Propp mwaka 1928, msaidizi ni mmoja wa wahusika saba wanaoibeba hadithi. Kazi yake ni kumfikisha shujaa asikoweza kufika kwa nguvu zake mwenyewe: humvusha, humponya, humfichulia siri. Katika ngano nyingi kazi hii hupewa mnyama, ajuza au jini. Riwaya ya karne ya 19, ambayo makao yake ni mji mkubwa, ilimhitaji msaidizi wa aina nyingine, na mara kadhaa ilimpata vichochoroni: mtoto asiye na viatu, asiye na mlezi anayemuulizia, lakini anayeujua mji ndani na nje.

Makala haya yanamchunguza msaidizi huyo kwa kuzingatia hasa kikosi cha watoto wa Baker Street katika kazi za Arthur Conan Doyle. Hoja inayotetewa ni kwamba mtoto wa mitaani humfaa shujaa kwa sababu ile ile inayoifanya jamii isimwone. Kwa hiyo, hadithi inayomtumia ina maslahi katika kumwacha pale pale ilipomkuta. Ili kuipima hoja hii, kikosi hicho kinalinganishwa na Jo wa Charles Dickens, Gavroche wa Victor Hugo, na paa wa ngano ya Kiswahili ya Sultani Darai.

Kikosi cha Wiggins

Watoto hawa hutokea kwanza katika A Study in Scarlet (1887). Nusu dazeni ya wavulana wachafu, waliovaa matambara, wanapanda ngazi kwa kishindo na kujipanga mbele ya Sherlock Holmes kama askari. Holmes anawaambia kwamba siku nyingine apande kiongozi wao tu, Wiggins, na wengine wangoje barabarani. Anampa kila mmoja shilingi, kisha anawatuma. Kwa Dakta Watson, ambaye ndiye msimulizi, anaeleza kwamba kitoto kimoja kati ya hivyo huweza kufanya kazi kubwa kuliko askari kumi na wawili, kwa kuwa watu hufunga vinywa wamwonapo mtu wa serikali, ilhali watoto hawa huingia kila mahali na kusikia kila neno.

Matokeo yanathibitisha kauli hiyo. Watoto wanapelekwa kwa wenye magari ya farasi ya kukodi, mmoja baada ya mwingine, hadi wanampata Jefferson Hope, muuaji anayetafutwa. Wiggins ndiye anayemleta mlangoni. Holmes anamtia pingu mtu ambaye makachero wawili wa Scotland Yard, Gregson na Lestrade, hawakujua hata jina lake. Pasipo Wiggins, hoja zote za Holmes zingebaki hewani, kwani akili ilikwisha kumtambua mhalifu lakini haikuweza kumfikia.

Katika The Sign of Four (1890) kikosi kimeongezeka kikafikia kama watoto kumi na wawili, na sasa kinaitafuta mashua ya moshi iitwayo Aurora katika mto Thames. Katika The Crooked Man, hadithi fupi ya mwaka 1893, anabaki mtoto mmoja tu, Simpson, aliyepelekwa mji wa Aldershot kumchunga mtu mmoja asitoroke. Simpson anatoa taarifa yake, anapapaswa kichwani, na hadithi inampita. Toka riwaya ya kwanza hadi hadithi hii, nafasi ya watoto hawa inapungua: kwanza wanamnasa mhalifu, kisha wanaikosa mashua, mwisho wanageuzwa bawabu.

Inafaa kutazama mfuatano wa matukio katika The Sign of Four. Kabla ya kuwaita watoto, Holmes anamtumia mbwa, Toby, kufuata harufu ya lami iliyokanyagwa na mmoja wa wahalifu. Harufu inapokatikia ukingoni mwa mto, ndipo watoto wanapoitwa. Kimuundo, basi, watoto wanashika zamu ya mnyama. Kile ambacho ngano humpa sungura au farasi asemaye, riwaya ya upelelezi inampa mbwa na baadaye inampa Wiggins. Hata istilahi ya Kiingereza ya enzi hiyo iliwatenga watoto hawa na raia wengine, maana waliitwa 'Waarabu wa mitaani', kana kwamba ni kabila la wahamaji waliopiga hema katikati ya London. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atatambua mara moja kwamba jina hilo linawadhalilisha watu wa aina mbili kwa pigo moja.

Hesabu ya mwisho

Yamkini mtetezi wa Conan Doyle atasema kwamba Holmes anawaheshimu watoto hawa kuliko mtu mwingine yeyote katika vitabu hivyo. Anawalipa, hawahubirii, na anawasifu kuliko polisi. Utetezi huu una uzito. Katika London ya wakati huo watoto wa aina hii walikuwa wakihesabiwa na kuhurumiwa. Dakta Barnardo alikuwa amefungua makao ya wavulana huko Stepney mwaka 1870, na tangu mwaka 1882 aliwasafirisha watoto kwa makundi hadi Kanada. Mbele ya huruma ya namna hiyo, ambayo humwona mtoto kama mzigo wa kuhamishwa, Holmes anamwona kama mfanyakazi mwenye ujuzi. Furaha anayoipata msomaji Wiggins anapoingia chumbani si ya bure. Ni furaha ya kuona aliyedharauliwa akiwashinda wenye vyeo.

Hata hivyo, heshima hupimwa pia kwa hesabu, na kitabu chenyewe kinatoa hesabu. Katika The Sign of Four ujira ni shilingi moja kwa siku, na atakayeiona mashua kwanza atapata gini moja, yaani shilingi 21. Katika A Study in Scarlet Watson, akiwa mgonjwa asiyefanya kazi yoyote, anaishi kwa pensheni ya shilingi kumi na moja na nusu kila siku. Zawadi kubwa kabisa anayoweza kuipata mtoto mmoja katika kikosi haifiki pensheni ya siku mbili ya mtu aliyekaa kitini.

Jambo zito zaidi ni jinsi riwaya zote mbili zinavyofunga. A Study in Scarlet inamalizika kwa malalamiko kuhusu sifa zilizodhulumiwa: gazeti limewapongeza Gregson na Lestrade kwa kazi ya Holmes, naye Watson anaahidi kuuchapisha ukweli. The Sign of Four inamalizika kwa mgawanyo: Watson amepata mke, kachero Athelney Jones amepata sifa, na Holmes amebakiwa na kokeini yake. Watson mwenyewe anaona kwamba mgawanyo huo si wa haki. Katika hesabu zote mbili, ambazo zimeandikwa mahsusi kuuliza nani alipata nini, Wiggins hatajwi. Msimulizi anayeona dhuluma aliyotendewa rafiki yake haioni iliyo karibu zaidi na ngazi za nyumba yake.

Kimya hicho hakikutokea kwa sahau. Sheria ya mwaka 1880 ilikuwa imewalazimu watoto wa Uingereza na Wales wa umri wa miaka 5 hadi 10 kwenda shule, na matukio ya A Study in Scarlet yanafuata vita vya Maiwand vya mwaka huo huo. Kama Wiggins na wenzake wangekaa darasani, Holmes asingekuwa na macho ya kukodi mchana kutwa. Kama wangevishwa na kuoshwa, wangeonekana, na wakionekana watu wangefunga vinywa mbele yao. Ustadi wao ni ufukara wao. Holmes mwenyewe analithibitisha hilo watoto wanaposhindwa kuiona Aurora: anajigeuza baharia mzee aliyechakaa na kwenda kuitafuta mwenyewe, na anaipata. Tofauti ni kwamba yeye aliuvaa ufukara asubuhi akauvua jioni.

Jo na Gavroche

Riwaya mbili za awali zinaonyesha kwamba njia hii haikuwa ya lazima. Katika Bleak House (1852–1853) Jo, mfagiaji wa njia panda, anamwongoza Lady Dedlock hadi kwenye kaburi analolitafuta, na baadaye anatumiwa na kachero Bucket kama shahidi. Bucket anamlipa, kisha anamfukuza: mtoto anayejua mengi hatakiwi kukaa mahali pamoja. Dickens anamfuata Jo baada ya kutumiwa kwake, katika ugonjwa hadi kifo, na anapokufa msimulizi anawageukia wakuu wa nchi na kuwashtaki. Gharama ambayo Conan Doyle anaificha, Dickens anaiweka mezani. Upungufu wake ni kwamba Jo hapewi neno la kusema ila la kutojua. Anaonewa huruma nyingi mno, hata hanabaki nafasi ya kuwa na hila.

Gavroche, katika Les Misérables (1862), anayo hila. Anaishi ndani ya sanamu la tembo katika uwanja wa Bastille, na humo anawapa hifadhi watoto wawili wadogo pasipo kujua kwamba ni ndugu zake. Katika vita vya barabarani vya mwaka 1832 ndiye anayemtambua Javert kuwa jasusi, ndiye anayebeba barua ya Marius, na anauawa akiokota risasi za wenzake huku akiimba. Anawasaidia mashujaa kwa namna zote anazozitaja Propp, lakini hamtumikii mtu. Msomaji anajua alipolala, alichokula na aliyempa mkate wake. Kwa Hugo, msaidizi ana maisha nje ya msaada wake, na ndiyo maana kifo chake ni hasara. Wiggins hafi, anakoma tu kutajwa.

Paa na jaa

Ngano ya Sultani Darai, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, inalitazama suala hili kwa jicho kali kuliko riwaya zote tatu. Maskini mmoja, Hamdani, huchakura jaani kama kuku akitafuta punje za nafaka. Anaokota huko kipande cha fedha, anamnunua paa, na paa anatenda yote: anampatia jina jipya, binti wa sultani, na nyumba ya nyoka mwenye vichwa saba, ambaye paa mwenyewe anamuua. Kisha paa anaugua, naye bwana wake anaamuru apewe uji wa mtama mwekundu, chakula cha wanyonge. Paa anakufa kwa simanzi na kutupwa kisimani. Mwisho, bwana anazinduka na kujikuta jaani tena, akichakura.

Maadili ya ngano hii ni kwamba ushujaa ni deni. Aliyeinuliwa na msaidizi akamsahau hurudishwa pale msaidizi alipomtoa. Jaa ndilo linaloanza hadithi na ndilo linaloifunga, na katikati kuna mtihani mmoja tu wa maana, nao si nyoka bali ni bakuli la uji. Conan Doyle aliandika sehemu zote za ngano hii isipokuwa ya mwisho. Holmes anamtuma paa wake, paa anarudi na ushindi, na hakuna anayeuliza amekula nini usiku huo.

Hitimisho

Suala hili linamhusu msomaji wa Kenya kwa njia mbili. Kwanza, riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inamhesabu Holmes miongoni mwa mababu zake: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni kwa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alikuja na kiko chake na rafiki yake Najum, na uhusiano wake na jozi ya Baker Street umetajwa na wahakiki wengi. Mwandishi anayeirithi jozi hiyo huweza kuurithi pia upofu wake. Pili, mtoto wa mitaani wa Nairobi ana jina, chokoraa, linalokumbusha kitenzi 'kuchokora', yaani kupekua kwa ncha au kijiti. Kazi ya mpelelezi ndiyo hiyo hiyo. Lugha inajua kwamba mtoto anayepekua jaa na kachero anayepekua ushahidi ni ndugu kwa tendo, ingawa hadithi huwaweka mmoja kitini na mwingine ngazini.

Meja Mwangi, katika Kill Me Quick (1973), alichukua hatua ya kumtoa mtoto huyo katika nafasi ya msaidizi kabisa: Meja na Maina, vijana wenye vyeti vya shule wanaoishi kwa mapipa ya taka, ndio wenye hadithi. Hakuna shujaa wa kuwatuma, na hakuna shilingi. Utunzi wa karibuni wa Uingereza umelikwepa suala hili kwa njia tofauti. Katika Sherlock, mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 2010, watoto wa Wiggins waligeuzwa mtandao wa watu wazima wasio na makao. Umri umebadilika, lakini mkataba umebaki ule ule: taarifa kwa pesa chache, na mlango unafungwa.

Kwa hiyo kipimo cha hadithi inayomtumia mtoto wa mitaani si wingi wa sifa anazopewa wala ukubwa wa huruma anayomwagiwa. Kipimo ni kama hadithi inamkumbuka siku ya kugawana. Paa wa Unguja aliomba kidogo sana, chakula chema na neno la shukrani, na ngano ikaliangusha jumba zima kwa sababu alinyimwa. Riwaya ambayo shujaa wake hawezi kuulizwa swali hilo imemwachia msomaji aliulize kwa niaba ya Wiggins.