Mwili wa Jirani: Usawiri wa Miss Mowcher katika David Copperfield

Katika uhakiki wetu tumezoea kumpima mhusika kwa vigezo tunavyovijua wote: ni bapa au duara, anawakilisha tabaka gani, anabeba dhamira ipi. Swali moja huwa tunalipita. Umbo lake limetoka wapi? Nani alikuwa nalo kabla msanii hajalichukua? Anayeuliza hivyo kwenye semina huambiwa kwamba huo ni umbeya, si fasihi. Mhusika ni wa kubuni, basi, tuendelee. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakijibu hivyo. Leo nadai kwamba swali hilo ni la fani hasa, na nitamtumia mhusika mmoja wa Charles Dickens kwa sababu kisa chake kina barua na tarehe, siyo porojo za "eti fulani kaandikwa kitabuni".

Riwaya ya David Copperfield ilitoka kidogo kidogo, sehemu moja kila mwezi, kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850. Msomaji alilipa shilingi moja akapata sura chache pamoja na michoro ya Phiz. Tulikumbuke jambo hili, kwani maana yake ni kwamba Dickens alikuwa bado anaandika huku mwanzo wa kitabu umeshafika mikononi mwa watu. Asingeweza kurudi nyuma akafuta. Katika sehemu ya Desemba 1849, sura ya 22, anaingia Miss Mowcher, mbilikimo wa miaka arobaini na kitu, anayezunguka kwa wakubwa kutengeneza nywele na kucha. Mwandishi anamchora kwa furaha isiyofichika: kichwa kikubwa, mikono mifupi kiasi kwamba akitaka kugusa pua lazima pua nayo ishuke kukipokea kidole, shingo hamna, kiuno hamna. Anapanda mezani ili akifikie kichwa cha Steerforth. Anapayuka, anakonyeza, anajua siri za kila nyumba. Sura inachekesha, sitaki kudanganya. Lakini pia inapanda mbegu. Steerforth, kijana tajiri, na mtumishi wake Littimer wanamnyemelea Emily, msichana aliyelelewa na mvuvi, na msomaji anaanza kuhisi kwamba huyu mama mfupi atakuwa kuwadi wao.

Sasa, karibu na nyumba ya Dickens jijini London aliishi mwanamke aitwaye Mrs Seymour Hill. Kimo chake kilikuwa namna hiyo hiyo, na kazi yake ilikuwa kutunza kucha na kutibu sugu za miguu. Aliisoma sehemu ile kama alivyoisoma kila mtu, akajiona. Tarehe 18 Desemba 1849 alimwandikia Dickens. Kiini cha lalamiko lake kilikuwa kwamba ameteseka muda mrefu kwa ajili ya mwili wake, ila hajawahi kuteswa na mtu mwenye kipaji kama hicho. Wakili wake naye akaandika. Dickens alijibu kwamba ni kweli alimfikiria yeye kwa kiasi fulani, lakini mengine aliyatoa kwa mtu mwingine, na kwamba wahusika wake wote ni mchanganyiko wa watu wengi. Akaahidi kumbadilisha.

Hebu tuupime utetezi huo wa mchanganyiko, maana ndio tunaoutumia hata sisi. Kwa upande wa utunzi ni kweli tupu. Hakuna mwandishi anayembeba mtu mzima mzima akamtia kitabuni. Lakini vitu vinavyochanganywa havina uzito sawa. Ukichukua tabia ya mtu ukaitia katika mwili mwingine, watakaoshtuka ni yeye na rafiki zake wa karibu. Ukichukua mwili, hasa mwili ambao mtaa mzima unao mmoja tu, umemchukua mwenyewe, hata kama tabia umeiokota kwingine. Msomaji wa mtaani hapigi hesabu ya asilimia. Anaona kimo, anaona kazi, kamaliza. Halafu yale yaliyobuniwa, umbeya na ukuwadi, yanamfuata Mrs Hill mpaka mlangoni kwa wateja wake. Mama huyu alikula kwa kuishika miguu ya watu faraghani. Akishasemekana kuwa ni kuwadi, nani atampa mguu wake?

Linganisha na kilichotokea miaka michache baadaye. Katika Bleak House, iliyotoka 1852 hadi 1853, yumo Harold Skimpole, mtu mzima anayejifanya mtoto asiyejua pesa ili wenzake wamlipie madeni. Mazungumzo na mwenendo huo vilitoka kwa mwandishi Leigh Hunt, na katika barua ya Septemba 1853 Dickens alijisifu kwamba ni picha kamili kabisa ya mtu huyo. Mwili, lakini, aliubadilisha. Hunt alikuwa mrefu, Skimpole ni kijitu kidogo. Jina la kwanza lilikuwa Leonard likageuzwa Harold, na Phiz akaelekezwa asimchore kwa kufanana na Hunt. Forster na Procter waliosoma mapema walishauri makali yapunguzwe. Yaani Hunt, mtu wa kalamu aliyezungukwa na watu wa kalamu, alikingwa kabla kitabu hakijatoka, na Mrs Hill alikingwa baada ya kulia. Wenzangu wa mrengo wa kitabaka hapa sina haja ya kuwafafanulia. Kinga yenyewe hata hivyo ilivuja: watu walimtambua Hunt kwa maneno yake, na baada ya kifo chake mwaka 1859 ilibidi Dickens aandike makala ya kujieleza katika jarida lake, All the Year Round, Desemba ya mwaka huo.

Turudi kwa Miss Mowcher. Katika sehemu ya Machi 1850, sura ya 32, anakuja kwa David usiku wa mvua na mwavuli mkubwa, anakaa karibu na moto akilia. Anaeleza kwamba alidanganywa: aliaminishwa kuwa David ndiye anayempenda Emily, akatumiwa kumfikishia barua. Anamwonya David asidhani upungufu wa mwili ni upungufu wa akili. Na katika sura ya 61 tunasimuliwa kwamba ndiye aliyemng'ang'ania Littimer mpaka akatiwa mbaroni.

Inasemwa kwamba hapo sanaa iliumia. Kwamba Mowcher wa Desemba yu hai na wa Machi ni hotuba. Nusu nakubali. Machozi yale ni mengi, na kule kumkamata Littimer kunanuka fidia. Nusu ya pili naikataa. Katika sura ya 32 Miss Mowcher anasema kwamba watu humfanya mwanasesere, wakimchoka humtupa, kisha wanashangaa kuona kumbe ana hisia. Naye hucheza mchezo huo kwa kuwa lazima ale. Baada ya hapo isome tena sura ya 22. Ule mzaha wote haubaki kama ulivyokuwa: unakuwa chombo cha kazi, kama mkasi na kitana. Mhusika aliyekuwa bapa amepata upande wa pili, na aliyeuleta upande huo ni msomaji aliyechomwa, siyo msanii. Tazama pia kwamba mkosaji mkuu wa kisa, Steerforth, ndiye mwenye sura nzuri kuliko wote. Dickens alijua vizuri sana kwamba uso mzuri unaweza kuficha uovu. Kwamba mwili mfupi si dalili ya uovu, hilo ilibidi aandikiwe barua.

Kwetu Kiswahili chenyewe kinatusukuma huko huko. Kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kibete: wote tumewapanga pamoja na viti na vikombe, ingawa tukifika kwenye kitenzi tunakumbuka uhai tukasema "kiwete amekuja". Shaaban Robert katika Kusadikika alipita njia nyingine, akawaita watu kwa sifa zao, Majivuno, Karama. Ni vigumu mtu kulalamika hapo kwamba kaibiwa pua. Lakini sisi tuliolishwa uhalisia tunataka makovu na chongo, na tunayatafuta karibu.

Nami niliyatafuta karibu. Niliandika hadithi fupi ya mke mkubwa anayemtilia mwenzake sumu, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo bwenini. Nilihitaji uso, nikachukua wa mama ntilie aliyekuwa akinikopesha chakula: kovu la moto kutoka sikioni hadi kidevuni, na vidole viwili vilivyojikunja. Haikupita wiki mbili wanafunzi wakawa wanamwita kwa jina la mhusika wangu. Siku moja, huku ananipakulia wali, akaniuliza: "Mwanangu, hivi nilikukosea nini?" Nikamjibu kisomi. Mama, ile ni hadithi tu, yule ni mtu wa kubuni. Akaniwekea maharage juu ya wali. "Na kovu nalo la kubuni?"

Niliibandua. Kisha nikajaribu kumwandikia sura yake ya 32, akatoka malaika, na malaika yule naye alikuwa na kovu lile lile ambalo hakuna aliyeniruhusu kulitumia. Nikajaribu njia ya Skimpole: nikaliondoa kovu, nikanyoosha vidole, nikamfanya mrefu, mweupe wa meno. Hadithi ikaanguka. Kurasa sita zote, na hakuna mahali mke mkubwa ana sababu ya kutia sumu. Nilikuwa sijaifikiria, kovu lilikuwa likinifanyia kazi hiyo. Nimeanza upya kutoka hapo, na mpaka sasa mwanamke huyo hana uso.