Mwili Kwanza, Akili Baadaye

Gari la rimoti la kuchezea watoto lina karibu kila kitu ambacho roboti ndogo inakihitaji: magurudumu, mota, gia, betri na saketi ya kupokea amri. Linachokosa ni uwezo wa kuona na kujiamulia. Kwa sababu hiyo wengi huiona kazi ya kuligeuza kuwa roboti kuwa nyepesi: fungua bodi, bandika kompyuta ndogo, unganisha sensa, andika programu, kazi imekwisha. Dhana hiyo ina kosa kwenye msingi wake, na kulitambua kosa hilo ndiyo faida kubwa ya ufundi huu. Akili haimiminwi tu ndani ya mwili unaoisubiri. Mwili ndio unaoamua ni akili ya namna gani itakayoweza kukaa humo, na ni kazi chache za mikono zinazomfundisha mtu jambo hilo kwa gharama ndogo kama hii.

Tuanze na usukani. Magari mengi ya kuchezea ya bei nafuu hugeuza magurudumu ya mbele kwa namna tatu tu: kushoto kabisa, katikati, au kulia kabisa. Kupinda kidogo hayajui, wala hayawezi kugeukia pale pale yalipo. Roboti yenye mwili huo ikikuta ukuta haina budi isimame, irudi nyuma huku imekata kona upande mmoja, kisha isonge mbele huku imekata upande wa pili, na kabla ya hayo yote iwe imehakikisha kwamba nyuma kuna nafasi. Kifaru cha kuchezea chenye minyororo miwili, kila mmoja na mota yake, hakina shida hiyo: mnyororo mmoja ukienda mbele na mwingine ukarudi nyuma, kinazunguka papo hapo. Programu yake inaweza kuwa mistari michache. Ya gari inahitaji mpango na sensa ya pili upande wa nyuma. Mwendo nao una yake. Sensa ya sauti inayopendwa na wanaoanza hutoa mlio wa kilohezi 40, usiosikika na binadamu, kisha husubiri mwangwi. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, mwangwi wa ukuta ulio mita moja mbele hurudi baada ya milisekunde 6 hivi, na gari linalokimbia mita 2 kwa sekunde huwa limesogea sentimita moja na ushei tu. Basi gari likijipiga ukutani, sensa haina hatia. Wa kulaumiwa ni mwili usio na breki, uliofungwa gia za mbio ili mtoto afurahi. Ukipunguza umeme liende polepole, mota hukosa nguvu ya kuanza, ikabaki inanguruma. Dawa yake huenda ikawa kubadili gia, wala si kuongeza hata mstari mmoja wa programu.

Umeme unatoa ushahidi mkali zaidi. Mguu mmoja wa Arduino Uno, bodi ya kompyuta ndogo ya ukoo ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, unafaa kutoa miliampea 20 tu. Mota ya kichezeo hula mamia ya miliampea, na ikikwama huweza kufikia ampea nzima. Anayeunganisha mota na bodi moja kwa moja huunguza bodi, kwa hiyo lazima iwepo saketi ya kati ya kupokea amri dhaifu na kuruhusu mkondo mkubwa. Hata hiyo ina tabia zake: draiva maarufu ya L298N, iliyojengwa kwa transista za aina ya zamani, hula volti 2 hivi. Betri nne za volti 1.5 zinazotoa volti 6 huishia kuifikishia mota volti 4. Theluthi imegeuka joto. Tena mota inapoanza kuzunguka huivuta betri mpaka volti zikashuka ghafla, kompyuta ikajizima na kuanza upya. Brashi za mota nazo hutoa cheche zinazovuruga sensa, mpaka fundi alehemu kapasita ndogo kwenye ncha zake. Aliyezoea kompyuta ya mezani atatafuta kosa ndani ya programu usiku kucha, ilhali aliyewahi kugeuza kichezeo atashika mita ya kupimia umeme kwanza.

Anayeyajua haya hajui kubadilisha tu, anajua pia kubakisha. Ndani ya magari mengi ya rimoti ya megahezi 27 mna chipu ya kupokea yenye miguu 16, na minne kati ya miguu hiyo hutoa amri za mbele, nyuma, kushoto na kulia. Pembeni yake zimo transista zinazoendesha mota. Fundi mwenye pupa hung'oa bodi nzima. Fundi makini huitoa chipu peke yake, akalehemu nyaya nne mahali pa ile miguu minne, akaziacha transista ziendelee na mota ambazo mbunifu wa kiwandani alizipangia. Ni kama fundi cherehani anayepunguza koti la mtumba: hafumui mshono kabla hajajua unashikilia nini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walifanya vivyo hivyo na Robosapien, kichezeo cha umbo la mtu kilichobuniwa na Mark Tilden na kutolewa na kampuni ya WowWee mwaka 2004. Walikiondoa kichwa, wakaweka kompyuta ya mfukoni yenye kamera, nayo ikatuma amri kwa infraredi kama rimoti ya mtoto ituma­vyo. Kiwiliwili kiliendelea kutii amri zile zile, na roboti hizo zikacheza mpira.

Kwamba mwili unaofaa huipunguzia akili kazi, W. Grey Walter alilionyesha zamani. Huko Bristol, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, mtaalamu huyo wa ubongo aliunda roboti mbili, Elmer na Elsie, zilizoitwa kobe. Kila moja ilikuwa na valvu mbili tu za redio, jicho la kupokea mwanga, swichi ya mguso na mota mbili. Jicho lilifungwa kwenye mhimili wa usukani, likawa daima linatazama kule gurudumu la mbele lilikoelekea. Hapakuhitajika hesabu ya kujua mwanga uko upande gani. Ufungaji wa jicho ulikwisha kulijibu swali hilo.

Mpinzani wa kwanza atasema kuna seti za roboti madukani, zenye kila kipande na maelezo, zinazookoa muda. Ni kweli, na anayetaka kujifunza kuandika programu tu anunue, hatajuta. Ila katika seti hiyo mtu mwingine amekwisha kuchagua mota, gia, draiva na betri vinavyopatana, hivyo mnunuzi hupokea majibu bila kuyajua maswali. Mpinzani wa pili atasema vichezeo ni vya plastiki dhaifu, na kazi nzuri hutaka vifaa vizuri. Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima, lakini methali hiyo isitumiwe kutetea uzembe: kichezeo ambacho gia zake zimekatika meno hakifai, na kulitambua hilo kabla ya kulipa ni sehemu ya ufundi. Udhaifu unaobaki una somo lake. Mota mbili za kifaru kimoja hazilingani kamwe, kwa hiyo hakiendi mstari ulionyooka kwa kuamriwa tu. Sharti kiwe na sensa ya kufuata mstari au ukuta, kipime kimepotoka kiasi gani, kijirekebishe, kipime tena. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoongoza mitambo mikubwa ya viwandani.

Pingamizi zito kuliko yote husikika kwetu Afrika Mashariki: kichezeo kimetoka ng'ambo, chipu zimetoka ng'ambo, basi uvumbuzi uko wapi? Kwa kipimo hicho hata Grey Walter hakuvumbua kitu, kwani valvu zake hakuzitengeneza mwenyewe. Watoto wetu waundao magari kwa waya na makopo hawakufua chuma hicho, na fundi redio afufuaye kifaa ambacho mchoro wake hajapata kuuona hakuzibuni transista zake. Kilicho chao ni uamuzi: nini kiwe nini, na kwa nini. Uamuzi huo hauji pamoja na chipu ndani ya boksi. Hupatikana kwa kufungua, kupima na kufikiri juu ya kazi ya mwenzako usiyemjua. Ndiyo sababu klabu au shule inayotaka kufundisha roboti ingefanya vyema kumpa mwanafunzi bisibisi, mita na kichezeo kikuukuu kabla ya kumpa seti mpya. Atachelewa kuiona roboti yake ikitembea, lakini atakapoulizwa kwa nini imegeuka kulia badala ya kushoto, atajua jibu liko kwenye programu, kwenye betri au kwenye gia, na atajua namna ya kulithibitisha.