Sura za Walowezi katika Maandishi ya Nyanda za Juu za Kenya

Utangulizi

Katika fani za nathari, wasifu ndio unaoaminiwa upesi kuliko zote. Msomaji wa riwaya hujua kuwa anasimuliwa. Msomaji wa wasifu hudhani anaonyeshwa. Kwa sababu hiyo sura ya mtu iliyochorwa kwa maneno aghalabu hudumu kuliko ile iliyochongwa. Sanamu ya shaba ya Lord Delamere, iliyosimama katikati ya mji wa Nairobi, iliondolewa baada ya uhuru wa mwaka 1963, na barabara iliyoitwa kwa jina lake ikapewa jina la Kenyatta. Vitabu vinavyomweleza vilibaki rafuni, navyo vingali vikisomwa. Ndani yake mna dai kubwa: kwamba nchi hii ina waanzilishi, na kwamba waanzilishi hao wanajulikana kwa majina na kwa koo zao.

Katika makala haya tunakusudia kuvichunguza baadhi ya vitabu hivyo kama kazi za sanaa. Tutauliza mlowezi amechorwa vipi, amesimamishwa mbele ya mandhari gani, na ni nani walioachwa nje ya picha. Kusema tu kwamba maandishi hayo ni ya kikoloni hakutoshi. Hilo linajulikana na kila mtu. Yafaa tuonyeshe jinsi ukoloni ulivyoingia katika ufundi wenyewe wa kuchora mtu, kwa kuwa ufundi huo tunaweza kuurithi bila kujua.

Nchi iliyoitwa tupu

Sura yoyote huhitaji usuli. Katika wasifu wa mlowezi usuli ni nchi tupu: uwanda mpana, wanyama wa porini, moshi wa mbali, na mtu mmoja juu ya farasi. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa himaya hii kuanzia mwaka 1900 hadi 1904, alikuwa miongoni mwa waliohubiri kwa nguvu kwamba nyanda za juu zilikuwa zikingojea watu weupe. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, serikali ilitaka mizigo ya kuilipia gharama, na sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ikafungua mlango wa kukodisha mashamba kwa miaka 99. Sheria ya mwaka 1915 iliongeza muda huo hadi miaka 999.

Lakini utupu huo ulikuwa na historia. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Wamaasai, na ndui ikawaua watu. Kati ya mwaka 1897 na 1900 ukame, nzige na njaa viliwakumba Wakikuyu wa upande wa Kiambu. Wengi walikufa, na wengine wakarudi kwa jamaa zao Murang'a na Nyeri wakitumaini kurejea mvua zikinyesha. Mlowezi alifika wakati huo. Alichokiona kilikuwa shamba ambalo mwenyewe yu ugonjwani au yu safarini, naye akaliandika kuwa pori lisilo na mtu. Jomo Kenyatta alipotoa kitabu chake *Facing Mount Kenya* mwaka 1938, alieleza kwa urefu mila za umilikaji wa ardhi za Wakikuyu, yaani githaka ni nini, na muhoi anayepewa mahali pa kulima ana haki gani na hana haki gani. Sura zile zilikuwa nzito katika hoja ya kitabu, kwani zilijibu wasifu wote wa walowezi uliotangulia.

Delamere wa Elspeth Huxley

Kazi kubwa kuliko zote za aina hii ni ile ya Elspeth Huxley, *White Man's Country*, iliyotolewa mwaka 1935 katika majuzuu mawili. Huxley aliletwa Thika akiwa mtoto, na alikijua alichokiandika. Hapana budi tukiri ustadi wake. Hakumchora Delamere kama mshindi wa daima. Twamwona akifika nyanda za juu mwaka 1897 akitokea Somalia, kisha akirudi na kupata eka 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Twamwona kondoo wake wakidhoofika na kufa kwa sababu ya upungufu wa madini katika udongo, ng'ombe wakimalizwa na ndigana, ngano ikiliwa na kutu. Aliweka rehani mali yake ya Uingereza, akagharimia utafiti wa mbegu za ngano, akaanzisha kampuni ya Unga mwaka 1908, na alipokufa mwaka 1931 aliacha madeni makubwa. Msomaji anayejua kilimo hawezi kuzisoma habari hizo bila kumhurumia mkulima yule.

Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu, na hapo ndipo penye mtego. Hasara ya Delamere imehesabiwa kondoo kwa kondoo. Hasara ya waliotangulia kulisha katika bonde lile imeandikwa kama shughuli ya serikali. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, wakaahidiwa Laikipia. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, na Laikipia nayo ikachukuliwa. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani. Kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya madola mawili, na mahakama haikuwa na uwezo nayo. Hebu tulitazame jambo hili kama wahakiki: watu walioelezwa kuwa wazururaji wasio na nchi wakawa, kwa siku moja ya hukumu, dola la kigeni. Hakuna mtunzi wa riwaya ambaye angepata kinaya kikali kuliko hicho. Hata hivyo Ole Njogo hakupata mwandishi wa kumwandikia majuzuu mawili.

Huxley anaeleza pia jinsi Delamere alivyowapenda Wamaasai, alivyokaa nao na kuwategemea katika kuchunga. Hatuna sababu ya kulikana pendo hilo. Lakini ni Delamere huyo huyo aliyetoa ushahidi mbele ya tume ya kazi ya mwaka 1912 na 1913, akisema kwa maana kwamba Mwafrika akiwa na ardhi ya kumtosha, tatizo la vibarua halitatatuliwa kamwe. Mtu anaweza kumpenda mchungaji wake na papo hapo akataka mchungaji huyo asiwe na malisho. Wasifu mkamilifu ungeyaweka mambo hayo mawili katika ukurasa mmoja, ili tuone yalivyokaa pamoja katika moyo mmoja. Wasifu wa kimila huyatenga: pendo huingia katika sura ya tabia, na ushahidi huingia katika sura ya siasa.

Koo chache, nchi nzima

Msomaji akivipitia vitabu kadhaa vya enzi ile ataona kwamba anakutana na watu wale wale. Delamere alimwoa Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen. Ndugu za bibi huyo, Berkeley na Galbraith, nao wakawa walowezi, na Berkeley anatokea tena katika kitabu cha Karen Blixen. Jamaa walitembeleana, wakakopeshana, wakaoana, wakazikana, na hatimaye wakaandikana. Kwa njia hiyo jamii ndogo sana ilijifanya ionekane kuwa ndiyo nchi. Kila sura inaithibitisha nyingine, kama mashahidi wa nyumba moja.

Katika *The Flame Trees of Thika* cha mwaka 1959, Huxley alijaribu njia nyingine, ya kusimulia kwa macho ya mtoto. Macho hayo yana adili kuliko ya mwanasiasa. Nyapara Sammy na Njombo wana majina, hasira, mzaha na hofu. Aghalabu, hata hivyo, twaonana nao wanapofika uani kwa wazazi wa mtoto. Maisha yao yanayobaki yako ng'ambo ya mto, na kitabu hakikai huko. Yapasa tuongeze kwamba mwandishi huyo huyo alikuwa amekwisha jaribu kuvuka mto mwaka 1939, katika riwaya yake *Red Strangers*, inayofuata ukoo wa Kikuyu tangu kabla ya kuja kwa Wazungu. Humo mgeni ni Mzungu. Jaribio lile linatuonyesha kwamba upofu wa wasifu wa Delamere haukutokana na kukosa kipaji. Ulitokana na fani yenyewe, iliyodai shujaa mmoja na nchi ya kumngojea.

Blixen na watu wa shambani

Karen Blixen aliishi chini ya vilima vya Ngong tangu mwaka 1914 hadi 1931, akalima kahawa mahali palipokuwa juu mno kwa kahawa, akafilisika, akarudi Denmark na kuandika *Out of Africa*, kilichotoka mwaka 1937. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimshambulia vikali katika kitabu chake *Detained* cha mwaka 1981, na ana haki. Blixen huwafananisha Waafrika na wanyama na mandhari mara nyingi mno, na mapenzi yake ni ya bibi mkubwa kwa watu wa nyumba yake.

Pamoja na hayo kuna mahali ambapo kalamu yake inasema zaidi ya alivyokusudia. Anakiri kwamba maskwota wa shamba lake walizaliwa pale, na baba zao kabla yao, na kwamba yamkini wao walimwona yeye kuwa ndiye skwota, tena wa daraja la juu. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa. Kwa hiyo sentensi ile ya Blixen inaugeuza uhusiano wote wa kisheria juu chini. Shamba lilipouzwa, yeye alihangaika katika ofisi za serikali ili watu wale wapewe mahali pa kuhamia pamoja bila kutawanywa. Sehemu hiyo ndiyo iliyo bora katika kitabu, kwa kuwa ndiyo pekee ambapo hasara yake na hasara yao zimewekwa katika mizani moja.

Jambo la kufurahisha ni kwamba mmoja wa watu wale alipata kujibu. Kamante Gatura, aliyekuwa mpishi wa Blixen, alitoa masimulizi yake, yakachapishwa mwaka 1975 pamoja na michoro yake. Aliyechorwa alishika kalamu na kumchora mchoraji. Ingawa kitabu kile kilikusanywa na kutengenezwa na mgeni, kinatosha kutukumbusha kwamba kila mtu aliyesimama nyuma ya picha za walowezi alikuwa na macho, naye alikuwa akitazama.

Kosa si la rangi

Pengine msomaji atadhani tunalaumu weupe wa waandishi. La. Lugha yetu wenyewe ina wasifu wa mfungua njia. *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi*, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe na yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa nathari za kwanza kubwa za Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Kiswahili chake ni kikavu na safi. Tunajifunza humo njia, bei, vita na pembe za ndovu. Lakini wapagazi waliozibeba pembe hizo kutoka Manyema hadi pwani ni idadi tu, na watumwa ni mali. Mwenye msafara huandika msafara kwa jina lake. Kosa la Huxley na la Tippu Tip lina shina moja, nalo ni mahali anaposimama mwenye kusimulia.

Kwa upande wa pili, Shaaban Robert alipoandika *Wasifu wa Siti Binti Saad* alimchagua mwanamke wa Fumba, mtoto wa nyumba duni, aliyefinyanga vyungu kabla ya kuimba. Hakumpa ukoo asiokuwa nao. Alionyesha kwamba mtu aweza kustahili kitabu kwa kazi yake, bila eka hata moja.

Hitimisho

Kiswahili kimekwisha toa hukumu yake katika neno moja. Kulowea ni kukaa ugenini hata ukawa kama mwenyeji. Mlowezi basi ni mgeni aliyekaa. Neno halimtukani, wala halimfanyi wa kwanza. Lugha ya wasifu ule wa kikoloni ilimwita mwanzilishi. Tofauti baina ya majina hayo mawili ndiyo mgogoro mzima wa ardhi ya nyanda za juu.

Hatupendekezi vitabu hivi vifungiwe. Vina habari za mvua, magonjwa, mishahara na mazungumzo ambazo hazipatikani kwingine, na historia ya maskwota haiwezi kuandikwa bila kuzitumia. Tunapendekeza visomwe kando ya vingine, na vingine hivyo viandikwe. J. M. Kariuki, aliyezaliwa katika familia ya maskwota wa Bonde la Ufa, alitoa mfano mwaka 1963 katika *Mau Mau Detainee*. Bado wachungaji wa Soysambu, akina mama waliochuma kahawa ya Thika, madereva, mafundi na wapishi hawajaandikiwa kwa subira ile ile aliyopewa Delamere, ya kuhesabu kila kondoo aliyekufa. Wajukuu wao wapo, na barua, vipande na kumbukumbu za mahakama zipo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliamua kwamba asiye raia hatashika ardhi ila kwa upangaji usiozidi miaka 99. Miaka 999 ya sheria ya 1915 imekatwa kwa wino wa sheria. Ile iliyoandikwa katika wasifu haina bunge la kuikata. Itapunguzwa na kalamu nyingine, kurasa kwa kurasa, zenye majina ya watu waliokuwapo.