Kuanguka kwa Waovu Wadogo katika Riwaya za "Foundation" za Isaac Asimov

Wahakiki wa riwaya za kisayansi wamezoea kuwashughulikia mashujaa na maadui wakuu, na kuwaacha waovu wadogo wapite bila kuulizwa habari zao. Katika riwaya za "Foundation" za Isaac Asimov, uhakiki mwingi umewahusu Hari Seldon, Salvor Hardin, Hober Mallow na yule mshindi wa ajabu aitwaye Mule. Makala haya yanakusudia kuwatazama wengine: Wienis, Pherl, Asper Argo na Brodrig. Hoja yake ni kwamba namna wahusika hawa wanavyoanguka ndiyo inayofichua msimamo wa kimaadili wa mfululizo mzima, pamoja na kasoro iliyomo katika msimamo huo.

Sehemu kubwa ya hadithi hizi ilitolewa kwanza katika jarida la Astounding Science-Fiction la Marekani baina ya mwaka 1942 na 1950. Baadaye zilikusanywa katika vitabu vitatu vilivyochapishwa mwaka 1951, 1952 na 1953. Asimov aliathiriwa na kazi ya Edward Gibbon kuhusu kuporomoka kwa Dola ya Rumi, na athari hiyo ni dhahiri. Dola kubwa ya nyota, ambayo makao yake ni Trantor, inaoza. Seldon, kwa elimu ya hisabati iitwayo saikohistoria, anatabiri giza la miaka 30,000, naye anaanzisha koloni la wataalamu katika sayari ya Terminus ili giza hilo lipunguzwe liwe la miaka 1,000. Kanuni ya elimu hiyo ni kwamba mwenendo wa umati mkubwa hutabirika, lakini mwenendo wa mtu mmoja hautabiriki. Hapa ndipo linapozuka tatizo la kifasihi. Katika ulimwengu ambamo mtu mmoja hana uzito, mwovu mmoja ataangushwa na nani, na kwa njia gani?

Jibu la kwanza linapatikana katika kisa cha Wienis, mtawala wa muda wa Anacreon anayeshika madaraka kwa niaba ya mpwa wake, mfalme kijana Lepold. Kisa kinadokeza kwamba Wienis alihusika na kifo cha babake kijana huyo. Wienis anakusudia kuishambulia Terminus kwa manowari kuukuu ya Dola ambayo imepewa jina lake mwenyewe. Lakini manowari hiyo imekarabatiwa na mafundi wa Foundation, na umeme wote wa Anacreon umo mikononi mwa makuhani waliofunzwa Terminus, ambao huendesha mitambo ya atomiki kama ibada. Usiku wa sherehe ya mfalme, makuhani wanagoma. Taa zinazimika, umma unalizingira jumba la kifalme, na katika manowari askari wanaasi baada ya kuhani wao kuilaani. Wienis anawaamuru walinzi wamwue Hardin, nao wanakataa. Anainyakua silaha na kumfyatulia mwenyewe, lakini Hardin analindwa na ngao ya nguvu isiyoonekana. Hatimaye Wienis anajielekezea silaha ile ile na kujiua.

Methali isemayo kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe yaelekea kutosha kukieleza kisa hiki, lakini haitoshi. Kisima alichoingia Wienis hakukichimba yeye. Kilichimbwa kabla yake na Foundation, iliyowapa Anacreon nuru na kuwanyima elimu ya nuru hiyo. Kosa la Wienis ni kudhani kwamba mwenye kutumia chombo ndiye mwenye chombo. Kosa hilo ndilo linalorudiwa na waovu wote wanaomfuata, kila mmoja kwa sura yake.

Pherl, mshauri kijana wa mtawala wa Askone, anaishi katika nchi ambayo vifaa vya atomiki ni mwiko. Mfanyabiashara Limmar Ponyets anamwuzia mashine ya kugeuza chuma kuwa dhahabu, kisha anamwonyesha kwamba picha zake akiitumia zimenaswa kwa siri. Pherl hana la kufanya ila kuinunua shehena yote ya Ponyets. La kuzingatiwa hapa ni kwamba kuanguka kwa Pherl kuna sura ya kupanda. Anatarajiwa kuwa mtawala siku za usoni, naye akitawala atakuwa mtetezi wa bidhaa zile zile zilizomnasa. Asper Argo wa Korell, kwa upande wake, anapata manowari za Dola kwa njia ya ukoo wa mkewe na kuanzisha vita. Mallow hampigi. Anasubiri tu hadi vyombo vidogo vya atomiki majumbani na viwandani, vilivyonunuliwa kutoka Foundation, viharibike bila kuwako wa kuvitengeneza. Korell inasalimu amri kwa kuwa maisha yake ya kila siku yamekwama. Brodrig, katibu mwovu wa Mfalme Cleon II, anauawa pamoja na jenerali hodari Bel Riose kwa sababu mfalme mwenye nguvu hawezi kumvumilia jenerali mwenye nguvu. Jitihada za watu wa Foundation za kuwakwamisha hazikuhitajika hata kidogo.

Visa hivi vikipangwa kwa mfuatano wa matukio, mwelekeo mmoja hujitokeza. Kuanguka kwa Wienis kunatendeka mbele ya macho ya msomaji. Kwa Pherl hakuna damu, bali mapatano ya kibiashara. Asper anatoweka katika hadithi bila msomaji kuonyeshwa hukumu yake. Kifo cha Brodrig kinasimuliwa tu, baada ya kutendeka, kama habari iliyoletwa kutoka mbali. Kadiri mfululizo unavyoendelea, adhabu inaondoka jukwaani na kuingia katika taarifa. Hali hiyo si udhaifu wa fani peke yake. Inalingana na dhamira: nguvu inayoangusha inapohama kutoka dini hadi biashara, na kutoka biashara hadi muundo wa dola, uso wa mwenye kuangusha nao unafifia.

Ufanisi wa mbinu hii haukanushiki. Asimov anakwepa mazoea ya hadithi nyingi za kisayansi za zama zake, ambamo shujaa humshinda mwovu kwa ngumi au kwa bunduki kubwa zaidi. Msomaji anafundishwa kutafuta sababu za ushindi katika uchumi, imani na taasisi. Hata hivyo, mbinu hii ina gharama. Furaha anayopata msomaji Wienis anapoanguka inamsahaulisha swali la makuhani, ambao wengi wao hawaelewi mitambo wanayoiabudu, na la watu wa kawaida waliogeuka dhidi ya mtawala wao kwa hofu ya laana, wala si kwa kuujua uovu wake. Waliachwa katika ujinga kabla ya Wienis, na baada yake wanabaki humo. Uovu mdogo wa mtu mmoja umetumiwa kuusitiri udanganyifu mkubwa wa taasisi.

Kwa hiyo waovu wadogo wa Asimov wana kazi mbili. Kwanza, wanathibitisha kwamba mpango wa Seldon ni wa kweli. Pili, wanauondolea mpango huo lawama, kwa sababu ukiwekwa karibu na mwuaji au na katibu mla njama, huonekana safi. Kazi ya kwanza imefanywa kwa ustadi mkubwa. Ya pili yahitaji kusomwa kwa tahadhari, kwani haki na ulazima wa historia si kitu kimoja. Wienis alistahili kuanguka kwa usaliti wake, lakini hakuangushwa kwa sababu ya usaliti. Aliangushwa kwa sababu funguo za umeme hazikuwa mikononi mwake. Mtawala mwema wa Anacreon, kama angethubutu kuidai elimu ya mitambo ile kwa ajili ya watu wake, angezimiwa taa zile zile.