Gitare yenye Butoni ya Kukata Sauti

Wazee wengi wanasemaka: kutoboa gitare na kuitia butoni ya kukata sauti ni kuiharibu. Kijana mmoja wa mtaa wetu alitia yake butoni ya kengele ya mlango. Ukiifinya, waya ya sauti inaungana na waya ya masi, ampli inanyamaza. Ukiachilia, sauti inarudi. Kwa kutoboa, mimi simlaumu. Konono N°1 wa Kinshasa, wenye kutoa «Congotronics» mu 2004, walijitengenezea mikro za likembe na vyuma vya motokari za zamani. Nani aliwaita waharibifu?

Lawama yangu iko mu vidole. Sikia Tom Morello wa Rage Against the Machine, mu diski yao ya 1992. Yeye hahitaji hata butoni: mikro moja ya gitare anaifunga mpaka sifuri, ingine inabaki wazi, kisha anapigapiga kile kijiti cha kuchagulia mikro. Kila kimya kinaanguka pahali pake, sawa ngoma. Tena anaacha mbele haijatuchosha. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa kule Likasi mu 1952, alikuwa na hesabu ile ile bila umeme: kidole gumba kinashika mwendo, cha shahada kinaimba.

Kijana wetu anafinya tu, mpaka mpiga ngoma anapotea. Nilimwomba ahesabu ine kwa mguu mbele ya kugusa butoni. Alikasirika kidogo. Wimbo uliofuata, wamama walisimama kucheza.