Kupima Ubora wa Wavu katika Uigaji wa Feleji Inayogongwa

Bamba la feleji linalogongwa kwa kasi huigwa katika kompyuta kwa kugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo elementi, ambavyo kwa pamoja huunda wavu, na ubora wa wavu huo haupimwi kwa udogo wa vipande vyake. Wavu wenye elementi ndogo mno hutoa picha za kupendeza, lakini uzuri wa picha haujazuia risasi.

Gharama huanzia kwenye kanuni ya Courant, Friedrichs na Lewy ya mwaka 1928, inayotaka hatua ya muda katika hesabu isizidi muda ambao wimbi la mkazo hutumia kuvuka elementi ndogo kuliko zote. Kwa kuwa wimbi hilo husafiri katika feleji kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde, elementi ya milimita 1 huruhusu hatua ya mikrosekunde 0.2 hivi; elementi zote zikipunguzwa nusu kwa pande zote 3, idadi ya elementi huongezeka mara 8, idadi ya hatua mara 2, na kazi yote mara 16. Hivyo elementi moja iliyobanwa pembeni kwa uzembe huchelewesha uigaji mzima.

Mkaguzi makini hudai matokeo ya nyavu 3 za ukubwa tofauti, kisha huuliza ni kipimo gani kilichotulia, kwani kasi ya risasi inapotokea upande wa pili huweza kutulia mapema ilhali mgeuko wa umbo kwenye ukingo wa tundu ungali ukibadilika.

Ugumu wenyewe huja feleji inapopasuka. Risasi butu isukumapo kizibo cha duara kutoka kwenye bamba gumu, joto hukosa muda wa kutawanyika, feleji hulainika, na mgeuko hujikusanya katika ukanda mwembamba ambao mara nyingi haufikii hata milimita 0.1. Katika uigaji, ukanda huo huchukua upana wa safu moja ya elementi, kwa hiyo kadiri elementi zinavyokuwa ndogo ndivyo nishati inayofyonzwa inavyopungua, na matokeo hayatulii kamwe. Kigezo cha mpasuko, kama kile cha Johnson na Cook cha mwaka 1985, kilichosawazishwa kwa elementi za milimita 1 hakiwezi kuhamishiwa kwenye za milimita 0.25 bila kusawazishwa upya. Baadhi ya wataalamu huingiza katika modeli urefu maalumu usiotegemea wavu. Wengine hushikilia ukubwa uleule tangu usawazishaji hadi uigaji wa mwisho, njia isiyo na fahari ya kinadharia lakini inayokubalika ikitajwa waziwazi.