Kusoma Mgongo kwa Vidole

Biharusi wa Unguja hutiwa manukato siku kadhaa kabla ya nikaha. Somo humsugua singo ya karafuu, liwa, mawaridi na langilangi, nguo hufukizwa udi, kikuba cha asumini kikawekwa tayari. Wengi hutoka hapo ngozi laini. Mmoja mmoja hutoka na ukurutu shingoni na kwapani, na wa nyumbani wakamlaumu pweza aliyeliwa juzi.

Ufundi wa kumtafuta mkosaji wa kweli ni wa tangu 1895, daktari wa ngozi Josef Jadassohn alipombandika mgonjwa dawa ya zebaki kwenye ngozi, akangoja. Mpaka leo kazi ni hiyohiyo: kubandika na kungoja. Vikombe vidogo, kila kimoja na tone la kitu kilichochanganywa na vaselini, hubandikwa mgongoni kwa plasta. Siku mbili mgonjwa haoshi mgongo wala hafanyi kazi ya jasho. Kisha plasta hubanduliwa, alama hutiwa wino, mgongo ukasomwa. Husomwa tena siku ya nne, pengine hata ya saba, maana mzio wa ngozi unaoletwa na kitu kinachoigusa huja polepole.

Mchanganyiko wa manukato unaotumika sana kupimia una vitu 8, na baadhi yake Mzanzibari anavijua kwa pua: eujenoli ya karafuu, sinamali ya mdalasini, jeranioli iliyomo kwenye mawaridi. Kila kimoja hutiwa asilimia 1 tu. Mafuta ya karafuu yana eujenoli kama asilimia 70 hadi 90. Yakibandikwa mabichi humuunguza hata asiye na mzio, na jibu likawa la uongo.

Ninachokistahi zaidi ni kule kusoma. Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, ukaonekana weusi uliokoza au zambarau, au usionekane kabisa. Msomaji hodari humulika taa kwa ubavu, kisha hupitisha ncha ya kidole juu ya kila alama, taratibu, akihisi uvimbe na vipele ambavyo jicho limevipita. Alama inayofifia kati ya siku ya pili na ya nne mara nyingi ni muwasho tu. Inayozidi kuvimba ndiyo ya kushukiwa mzio. Mgongo mzima ukichachamaa, hahukumu. Hungoja utulie, akapima upya.

Hata hapo hajamaliza. Mkosaji akiwa ni eujenoli, lazima ajue inamfikia mgonjwa kwa njia gani. Anayezijua nyumba zetu atauliza habari za singo, za dawa ya jino, za sabuni ya mwani yenye karafuu. Asiyezijua atamkataza uturi wa dukani peke yake, na mwanamke ataendelea kusuguliwa kilekile kinachomdhuru.

Basi wewe unayewashwa, usijipake mafuta ya karafuu ili ujipime. Nenda kwa daktari wa ngozi na vichupa vyako vyote, na kabla ya kwenda mwombe somo akutajie kila alichotia kwenye singo.